Pale Uzi Ulipokatika

Cleotha Bynum aliporudi Pettus, kijijini kwao Mississippi, mwaka 1971, baada ya miaka ishirini na mitano ya Chicago, jambo la kwanza alilofanya ni kuzima umeme wa nyumba tatu. Alichomeka spika ya gitaa lake, yenye ukubwa wa kabati la vyombo, kwenye soketi pekee ya sebule ya dada yake, akagusa uzi mmoja, na friji ikaguna mara moja ikanyamaza. Ng'ambo ya barabara jirani aliyekuwa akisikiliza mahubiri redioni akatoka barazani na kuuliza kwa sauti kama ndiyo Yesu amerudi.

"Hapana," dada mtu akajibu kutoka kitandani, dirisha likiwa wazi. "Ni Cleotha tu."

Dada huyo aliitwa Arvella, mwenye miaka sitini, na moyo wake ulikuwa umeanza kufanya kazi kwa zamu. Spika ilifunikwa shuka siku hiyohiyo, ikawekwa juu yake chungu cha maua, na haikuwashwa tena.

Chicago bwana huyu alikuwa akiitwa Kilowati Bynum. Alivaa suti za kumetameta kama mgongo wa samaki, nywele amezilaza kwa dawa, na mbele ya baa aliyopigia kila wiki kwa miaka kumi na minne liliandikwa jina lake kwa taa nyekundu, herufi moja ikiwa imeungua. Baa ile ilibomolewa, pakawa maegesho ya magari. Mpiga ngoma wake alikufa, na mpiga kinanda cha mdomo akaokoka. Kifo na wokovu ndizo njia mbili za kuacha bendi bila kugombana.

Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Msemo huo ungewachekesha sana watu wa Pettus, ambako mtu aliacha asili ili asiwe mtumwa. Treni ya kaskazini ilibeba nusu ya vijana wa vilima vile vya Mississippi, na hakuna aliyewalaumu. Walilaumiwa waliporudi, kwa sababu walirudi na viatu vyembamba.

Cleotha aliwaambia watu kwamba amerudi kumuuguza dada yake, na ilikuwa kweli. Ila alikuwa na sababu ya pili, na hiyo hakumwambia mtu ila Arvella mwenyewe. Alikuwa amerudi kuuchukua wimbo wa baba yake.

Baba yao, Dock Bynum, alilima shamba la mwenzie kwa nyumbu siku sita za juma. Ni nyumbu yule mtoto wa punda na farasi, si yule wa Serengeti. Jumamosi jioni alipiga gitaa kavu, lisilo la umeme, kwenye karamu za mbuzi wa kuchoma. Alikuwa na wimbo wake mmoja ambao watu walitembea maili nane kuufuata. Uliitwa "Nyumbu Amenitangulia", na kwa maneno haukuwa na makuu:

*Nyumbu amenitangulia, lango kalikuta wazi,*
*mimi niko nyuma, hatamu ziko mkononi.*

Lakini baada ya ubeti wa tatu Dock alikuwa akinyamaza, akachukua kisu cha mfukoni, akakitelezesha juu ya uzi wa tatu, na kikatokea kitu ambacho hakikuwa maneno. Kitu hicho ndicho kilichowatembeza watu maili nane.

Mwaka 1954 Cleotha aliupiga wimbo huo katika studio moja ya Chicago, na bendi nzima nyuma yake. Ubeti wa tatu ulipokwisha, kisu kikiwa kimeshagusa, uzi wa tatu ukakatika. Tak. Fundi wa kurekodi aliyekuwa nyuma ya kioo, mtu asiyependa kupoteza kanda, akazungusha kidole hewani: endelea. Cleotha akaruka pale pa kisu, akaangukia ubeti wa mwisho. Waliitoa santuri hivyohivyo. Bila pale, wimbo ulitimia dakika mbili na nusu, na mashine za santuri za kwenye maduka, zile za kutumbukiza sarafu, zilipenda nyimbo fupi. Kwenye karatasi ya katikati ya santuri paliandikwa: mtunzi, C. Bynum.

Krismasi ya mwaka ule alikwenda nyumbani kwa siku mbili. Dock aliisikiliza santuri dukani kwa Ransom, amesimama, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa mahakamani kuwa shahidi. Ilipokwisha alisema, "Wimbo mzuri. Wa nani?"

Cleotha alicheka. Wote dukani walicheka. Kama Dock naye alikuwa akicheka, hakuna aliyeona. Alikufa miaka minne baadaye. Simu ya maandishi ilimtafuta Cleotha Detroit, ikamtafuta mji wa Gary, ikamkuta Chicago siku mbili baada ya maziko.

Swali lile halikumtoka. Alipoanza kuzeeka alitaka kulijibu kwa njia pekee aliyoijua, kwa kuupiga wimbo kama ulivyokuwa. Hapo ndipo alipogundua kwamba hawezi. Ameupiga bila pale pa kisu usiku elfu tatu, na mkono ni mtumishi mwaminifu: hukumbuka ulichouagiza jana, si ulichouagiza mwaka wa kwanza. Alijua kulikuwa na kitu. Alijua kilikuwa kwenye uzi wa tatu. Basi.

Kwa hiyo alinunua gitaa kavu Memphis, kwenye duka la vitu vilivyowekwa rehani, akaja kwa Arvella. Kila mtu Pettus alisema Arvella anao wimbo wote. Alikuwa akikaa miguuni pa Dock toka angali na meno ya utoto, na sauti ya pili katika karamu zile ilikuwa yake.

"Nitakufundisha," Arvella alisema. "Lakini vua pete hizo. Unagonga mbao kama fundi."

Masomo yakaanza mwezi wa kumi, mchana baada ya dawa, kati ya saa nane na saa kumi, ndipo moyo wake ulipokuwa kazini. Cleotha alikaa kwenye kiti cha jikoni kando ya kitanda. Vidole vyake, vilivyozoea nyuzi laini na kitufe cha kuongeza sauti, vilitoka malengelenge wiki ya kwanza na damu wiki ya pili. Kwenye gitaa kavu hakuna kitufe. Sauti yote uliyo nayo ni ile uliyokuja nayo.

"Unahesabu," Arvella alimwambia.

"Sihesabu."

"Midomo inacheza, Kilowati. Moja, mbili, tatu, nne, kama mtoto anapanda ngazi. Baba hakuhesabu. Baba aligeuza sauti alipochoka kukaa pale."

"Sasa bendi itajuaje atageuza lini?"

"Bendi gani? Mimi ndiye bendi. Mimi nilimtazama goti, likiinuka anageuza."

Alijifunza kutohesabu. Ilimchukua hadi sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, walipokula sukumawiki kwa mkia wa nguruwe na Arvella akaruhusiwa vijiko viwili. Kuna siku alisahau kuhesabu kwa ubeti mzima, akageuza pale alipotaka kugeuza, na Arvella akafumba macho akasema, "Ehee." Cleotha alikuwa amewahi kupigiwa makofi na watu elfu mbili, na hakuwahi kulala vizuri kama alivyolala usiku ule.

Lakini pale pa kisu hawakuwa wamefika. Pumzi ya Arvella ilikwisha kabla, kila mara, mwisho wa ubeti wa pili au katikati ya wa tatu.

"Kesho," alisema.

"Hakuna haraka, Dada Vella."

"Wewe ndiye huna haraka."

Mgeni wao wa kila Alhamisi alikuwa Shemasi Hosea Tunstall, mzee wa miaka sabini, aliyeleta kunde na mkate wa mahindi kutoka kwa mkewe na sala kutoka kwake mwenyewe. Shemasi alibatizwa mtoni mwezi wa nane mwaka 1931, na tangu siku hiyo hakusikiliza nyimbo za bluzi. Si kwamba hakuzipenda, hakuzisikiliza. Alipopita mbele ya duka la Ransom aliziba masikio kwa vidole, na kama amebeba mzigo alizunguka nyuma ya duka. Gitaa la Cleotha likianza, alitoka uani akaukagua mti wa pekani, njugu za mtini, tawi kwa tawi, kama anayetaka kuununua.

"Shemasi, ingia, baridi," Cleotha alimwita mara moja.

"Nitaingia ukimaliza, ndugu yangu."

"Hatumalizi leo."

"Basi nitapata mafua. Mafua hayapeleki mtu motoni."

Alhamisi ya tarehe ishirini Januari Arvella aliamka na nguvu. Alitaka mito mitatu mgongoni, alitaka mtindi, alitaka kitambaa chake cha kijani. Wanaouguza huijua siku ya namna hii na huiogopa, lakini Cleotha hakuwa na uzoefu, akafurahi.

"Shika gitaa," Arvella alisema. "Leo tunafika."

Aliimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa sauti nyembamba iliyonyooka. Cleotha alimfuata, hahesabu, jicho kwenye goti lake chini ya blanketi. Ubeti wa tatu ukaisha. Akasogeza shingo ya chupa, aliyoivaa kidoleni badala ya kisu, juu ya uzi wa tatu, akangoja aambiwe.

Arvella akagonga ulimi kwenye kaakaa. Tak. Akaingia ubeti wa mwisho.

Aliumaliza wote. Alijiegemeza, kijasho juu ya mdomo, ameridhika kama aliyefikisha mzigo.

"Rudia pale," Cleotha alisema.

"Pale wapi?"

"Baada ya wa tatu. Hiyo ya ulimi ni nini?"

"Ni ya Baba. Alikuwa anafanya hivyo, si unakumbuka? Kama unavyomwambia nyumbu atembee. Tak. Halafu nyumbu anakwenda." Aligonga tena, polepole, kumsaidia.

Cleotha alitazama mkono wake. Alikumbuka studio, kidole kikizunguka nyuma ya kioo, uzi ukimchapa kifundo.

"Dada Vella. Mara ya mwisho kumsikia Baba akiupiga huu ilikuwa lini?"

Alifikiri. "Aliacha. Ile Krismasi uliyokuja na santuri. Alisema sasa uko kwenye mashine, na mashine haichoki mgongo. Gitaa akampa kijana mmoja wa kule Sardis."

"Miaka kumi na saba."

"Na ushee."

"Basi umeushikaje hivi, hujapoteza neno?"

"Kwa santuri yako, wewe. Kila Jumamosi dukani kwa Ransom, senti tano. Ransom aliniwekea kiti. Miaka kumi, mpaka ikawa inakoroma kuliko kuimba, akaitoa kwenye mashine akataka kunipa. Ningeipigia wapi, kwenye sahani?"

"Ulikuwa unamsikiliza Baba."

Arvella alimgeukia. Alikuwa na macho ya Dock, ambayo hayakusema kama yanacheka.

"Nilikuwa nakusikiliza wewe, bwege. Barua ulikuwa huandiki."

Nje Shemasi alikuwa akiukagua mti. Maji ya chai yalichemka jikoni, yakachemka, hadi Cleotha akaenda kuyaondoa motoni. Alisimama pale jikoni muda ambao birika moja halihitaji. Sasa alijua pale pa kisu palikuwa wapi. Hapakuwa popote. Yeye ndiye aliyepafuta, kwa santuri ya dakika mbili na nusu, na Arvella, mtunzaji wa pekee, alitunza, kwa uaminifu na senti tano kila juma, kovu la uzi uliokatika.

Angeweza kumwambia. Kuna wanaoamini kwamba ukweli ni dawa. Wengi wao hawajawahi kuuguza.

Alirudi na chai, akakaa.

"Haya, toka mwanzo," Arvella alisema. "Na usije ukaisahau tak. Ndiyo roho yake."

Akapiga. Baada ya ubeti wa tatu aliuvuta uzi wa tatu kwa kidole, akauachia ukachapa mbao.

"Kavu zaidi," Arvella alisema.

Akachapa tena.

"Hapo sasa. Ndiye Baba huyo."

Arvella alikufa siku ya tisa baada ya hapo, saa tatu asubuhi, wakati Cleotha akimtafutia miwani.

Kwa watu wa Pettus kaburi halikamiliki bila vitu vya mwisho alivyogusa marehemu, na vitu hivyo lazima viwe vimevunjwa, ili mnyororo ukatike na kifo kisimrudie mwingine nyumbani. Juu ya Arvella viliwekwa kikombe kisicho na mkono, chupa ya dawa, kijiko, miwani iliyopatikana chini ya mto, na saa ya mezani iliyosimamishwa saa tatu. Cleotha aliongeza uzi wa tatu wa gitaa, aliouviringisha akauweka ndani ya kikombe. Wanawake wa kanisa waliuona wakatazamana. Hakuna aliyeutoa.

Watu walipokwisha kuondoka alibaki na Shemasi, aliyekuwa akinyoosha nguzo ya uzio isiyokuwa imepinda. Hapo Cleotha aliwaza jambo ambalo alipaswa kuliwaza mapema. Katika Pettus nzima, kila mwenye masikio aliisikia ile santuri. Alikuwepo mmoja aliyeyaziba.

"Shemasi. Kabla hujabatizwa ulicheza muziki wa Baba."

"Nilicheza vitu vingi kabla sijabatizwa. Ndiyo sababu nilibatizwa."

"Ule wa nyumbu."

Shemasi aliiachia nguzo.

"Baada ya ubeti wa tatu, kisu. Sikuombi uimbe. Niambie tu kulikuwa na nini."

"Si ile ya ulimi aliyokuwa akifanya marehemu. Nilimsikia nikiwa chini ya mti, Mungu anisamehe. Siyo ile."

"Najua siyo."

"Kulikuwa na kitu pale. Mchoma mbuzi aliacha moto wake kwenda kusikiliza, mbuzi anaungua. Mama yenu aliweka mtoto chini. Nadhani ulikuwa wewe."

"Kilikuwaje, Shemasi?"

Mzee alivua kofia. Alitazama kikombe, saa, miwani. Uso wake ulikwenda mbali ukajaribu kurudi na kitu, na Cleotha aliuona ukirudi mtupu.

"Nilipotoka majini nilimwomba Mungu anisahaulishe nyimbo za Dock, zote, kwa sababu zilikuwa zinanijia katikati ya sala. Ndugu yangu, nimemwomba mvua, nimemwomba watoto, nimemwomba meno. Hili ndilo pekee alilolijibu lote."

Upepo wa Februari ulipita kwenye mikuyu ya bondeni.

"Sikujua kuna mtu atakuja kuulizia," Shemasi alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi upande usiojulikana.

"Hata mimi sikujua."

Shemasi hakuziba masikio tena alipopita dukani kwa Ransom. Watu waliliona hilo, wakasema uzee.

Baada ya Pasaka alifika kijana mmoja mwenye ndevu kutoka chuo kikuu, mzungu mpole aitwaye Gerald Amsler, na mashine ya kurekodia iliyobebwa kama mtoto mgonjwa. Amsler alikuwa amemwandikia Kilowati Bynum Chicago miaka miwili nyuma, akimwomba apige bila umeme, na sasa alikuwa na furaha ya mtu ambaye ushauri wake umefuatwa. Alileta pia suruali ya kazi ya bluu, ya ovaroli, kwa ajili ya picha. Cleotha, aliyeondoka Pettus akiwa amevaa suruali ya namna hiyo na kuapa kutoivaa tena, aliishika, akaipima urefu, akaitundika mlangoni. Alirekodi akiwa na suti.

Alikaa barazani kwenye kiti cha jikoni, uzi wa tatu ukiwa mpya. Alipiga "Nyumbu Amenitangulia" toka mwanzo. Hakuhesabu. Baada ya ubeti wa tatu aliuvuta uzi akauachia uchape mbao, kavu, kama alivyofundishwa, na kwa muda wa pumzi moja hakupiga kitu kingine. Kisha akaingia wa mwisho.

"Ile tak," Amsler alisema baada ya kuzima mashine, akishusha sauti kama yuko kanisani. "Ni ajabu. Sijaisikia kwa mwingine yeyote. Ni ya zamani sana?"

"Ina umri wake."

Amsler alikuwa na karatasi yenye mistari ya kujazwa. "Mtunzi nimeweka Dock Bynum, baba yako. Sahihi?"

Cleotha alilegeza nyuzi moja baada ya nyingine, kama kawaida yake baada ya kupiga. Barabarani Shemasi alikuwa amesimama na bakuli lake la Alhamisi. Hakuukaribia mti.

"Wa baba ulipotea," alisema. "Huu andika Arvella Bynum."

"Sikujua dada yako alikuwa mwanamuziki." Amsler alifuta, akaandika, akateremka mstari mmoja. "Alikuwa akipiga chombo gani?"

Cleotha alifikiri sana, kwa sababu alitaka kujibu sawasawa.

"Mashine ya santuri," alisema. "Kila Jumamosi. Miaka kumi."

Amsler alingoja kidogo, kalamu juu, aone kama ni mzaha. Uso wa Cleotha haukusema. Basi, kwa adabu, akauacha mstari ule mtupu, akageuza karatasi.